Kumbe nywele zina magamba kama samaki!

Mwaka 1665 jamaa mmoja wa London alitoa kitabu cha michoro ya vitu alivyoviona kwa hadubini. Chawa yumo, kiroboto yumo, unywele nao umo. Aliona hauna tundu katikati, basi.

Miaka 300 baadaye, 1965, kampuni moja ya Cambridge, Uingereza, ikaanza kuuza hadubini ya elektroni inayopitisha miale juu ya kitu. Hapo ndipo siri za saluni zikaanikwa. Unywele unapakwa dhahabu kwanza (ndiyo, dhahabu kweli!), halafu unaonekana magamba yake yamepangana kama vigae vya paa. Wa mtu aliyeblichi? Magamba yamenyanyuka, mengine hayapo kabisa. Ukipiga pasi nywele mbichi, maji yanachemka ndani, unywele unatoboka mapovu na kukatika kirahisi.

Sasa ile “tritimenti” ya kurudisha nywele. Ukipaka kondishena magamba yanalala vizuri, picha safi. Ila unywele uliotoka nje ya ngozi umeshakufa, haujitibu, umefunikwa tu. Kwa hiyo picha ya siku ya saluni haitoshi kumshawishi mtu atoe hela. Inayotakiwa ni ya baada ya kuosha mara kadhaa.