Kutoka Msolwa hadi Mbingu: Historia ya Utamu wa Bonde la Kilombero

Watoto wa Ifakara, historia hii ni yenu. Wakubwa wakiulizwa habari za mji wenu husimulia mpunga, kivuko cha Mto Kilombero kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018, hospitali ya Mtakatifu Fransisko na treni ya TAZARA. Pipi hawazitaji. Nami naona hilo ni pengo kubwa, maana bonde lenu linazaa vitu viwili vinavyotafutwa na kila mtengeneza pipi duniani: sukari na kakao.

Tuanze na sukari, kwa kuwa ndiyo kaka mkubwa. Asili ya muwa ni kisiwa cha New Guinea, mbali sana mashariki. Wahindi ndio waliojifunza kuyachemsha maji yake mpaka yakatoa chembe kavu zinazoweza kufungwa na kusafirishwa. Huku Kilombero muwa ulikuta ardhi yenye rutuba na mito inayoteremka kutoka milima ya Udzungwa. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika, ikaanzishwa Kampuni ya Sukari ya Kilombero. Kiwanda cha Msolwa, jirani na Kidatu, kikaanza kazi mwaka 1962. Cha Ruembe, ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu, kikafuata mwaka 1976. Kampuni iliwahi kuwa mali ya umma, na mwaka 1998 ikabinafsishwa. Kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini ikaingia, serikali ikabaki na robo ya hisa. Miwa yenyewe hailimwi na kampuni peke yake. Maelfu ya wakulima wa nje, baba na mama zenu pengine wamo, huipeleka kiwandani msimu baada ya msimu.

Sasa jaribuni kukisia: ili kupata kilo moja ya sukari, yanahitajika kilo ngapi za miwa? Takribani kumi. Tena muwa ukishakatwa hausubiri, kwani utamu wake huanza kupungua. Ndiyo maana malori hukimbizana barabarani wakati wa msimu. Kiwandani muwa hukamuliwa, maji yake hutiwa chokaa na kupashwa moto ili uchafu utuame, halafu huchemshwa mpaka yawe mazito na kuanza kuganda chembe chembe. Mashine inayozunguka kwa kasi huzitenga chembe hizo na molasi. Makapi hayatupwi. Huchomwa kwenye matanuri ya kiwanda, yakatoa mvuke na umeme. Kwa maneno mengine, muwa hujipikia wenyewe.

Na hapa lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Sukari ya kahawia ya bonde lenu ni ya chai, uji na mandazi. Viwanda vya pipi na soda huhitaji sukari nyeupe iliyosafishwa zaidi, na kwa miaka mingi Tanzania imekuwa ikiiagiza ya aina hiyo kutoka nje. Kwa hiyo pipi ya karatasi inayong'aa dukani huenda imetengenezwa kwa sukari iliyovuka bahari. Kashata ya karanga inayopikwa na mama wa jirani ndiyo inayotumia sukari ya kahawia ya viwanda vyetu. Kwangu mimi kashata ndiyo pipi ya kweli ya Kilombero, na sioni pipi ya kiwandani inayoweza kuivua cheo hicho.

Mnajua pia kwamba pipi ngumu ni aina ya kioo? Sukari ikichemshwa na maji pamoja na glukosi hadi karibu nyuzi 150, kisha ikapoa haraka, haipati nafasi ya kujipanga tena katika chembe. Inaganda ovyo, kama kioo cha dirisha kinavyoganda. Ndiyo maana hupitisha mwanga na huvunjika kwa kishindo mnapoitafuna.

Hata mbu wa Ifakara wanapenda sukari. Mbu dume hanyonyi damu kamwe. Maisha yake yote huishi kwa maji matamu ya maua na mimea. Jike naye huyanywa, na damu huitafuta kwa ajili ya mayai yake. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wanaowafuga mbu ili kupambana na malaria huwapa maji ya sukari wakiwa kizimbani.

Tuje kwa kakao, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Mkienda Mbingu, magharibi ya Ifakara, mtaikuta chini ya vivuli vya migomba na miti mirefu. Matunda yake huota kwenye shina lenyewe. Maua yake ni madogo mno, na wanaoyachavusha ni visubi. Bila visubi hakuna chokoleti. Ndani ya tunda moja mna mbegu kama 30 au 40 zilizofunikwa nyama nyeupe, tamu yenye uchachu kidogo, na watoto wa huko hupenda kuimung'unya. Mbegu yenyewe mbichi ni chungu. Ladha ya chokoleti huanza kujengeka mbegu zinapovundikwa: hamira za asili hula sukari ya ile nyama, lundo likapata joto, mbegu zikageuka ndani.

Zamani kila mkulima alivundika na kuanika kwa namna yake, na ubora ulitofautiana. Mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili ilianza kununua kakao mbichi kwa wakulima wa bonde hili, ikaivundika pamoja katika masanduku ya mbao na kuianika kwa uangalifu. Dandelion, watengenezaji wa San Francisco, jimbo la California, nchini Marekani, wakatoa chokoleti ya kakao na sukari peke yake, wakaandika jina la Kokoa Kamili, Tanzania, kwenye karatasi yake.

Mtoto wa California amesoma jina hilo huku akila. Mtoto wa Mbingu, ambaye bibi yake ndiye aliyepasua tunda, mara nyingi hajaionja chokoleti hiyo. Mashamba ya miwa na ya kakao yamo katika bonde moja, safari ya saa chache tu. Walimu wa Ifakara, Mang'ula na Mlimba, wapelekeni wanafunzi wakaone kakao ikivundikwa. Nanyi wenye mitaji, jengeni hapa hapa kiwanda cha chokoleti, hata kiwe kidogo, na bei yake mtoto aimudu.