Mfupa wa Ishango na barafu ya Ruwenzori: nani anahesabu milima yetu?



Leo tuache siasa kidogo, tupande mlima. Najua kuna mutu atauliza: Kalembe na barafu, wapi na wapi? Vumilia, tutafika.

Hadithi ya mfupa wa Ishango wengi wetu tunaijua. Mwaka 1950, mjiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba kule Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Akakuta mfupa mdogo wenye alama zilizokatwa na kupangwa katika safu tatu. Umri wake ni kama miaka 20,000. Mpaka leo wataalamu wanabishana zile alama zilikuwa za nini, lakini wengi wanaona kwamba mutu alikuwa anahesabu kitu fulani. Mfupa wenyewe uko Brussels.

Kipande ambacho hatusimuliwi sana ni hiki: de Heinzelin huyo huyo alisoma pia barafu ya Ruwenzori, upande wetu wa Kongo. Mwaka 1953 kilitoka kitabu chake juu ya namna barafu ya magharibi ya mlima Stanley ilivyokuwa inarudi nyuma. Barafu ikishuka inasukuma mawe na udongo, ikirudi inaviacha kama ukuta. Yeye alifuata zile kuta, moja baada ya nyingine, sawa vile mutu anavyosoma mistari ya daftari. Kwa hiyo, miaka zaidi ya 70 iliyopita, ilikuwa imekwisha kuandikwa kwamba barafu yetu inapungua.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya mzungu yeyote, Banande na Bakonzo walikuwa na jina la theluji: nzururu. Kule juu, kwa imani ya bazee, ni makao ya Kitasamba. Stanley alipouona mlima mwaka 1888, alikuwa anaona kitu ambacho wenyeji walikijua siku zote. Mwaka 1906 akaja Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi, kutoka ukoo wa kifalme wa Italia. Kundi lake lilipanda mpaka kilele cha Margherita, mita 5,109, likachora ramani. Mpiga picha wake, Vittorio Sella, akapiga picha ambazo mpaka leo njo kipimo cha kwanza: ukitaka kujua barafu ilifika wapi wakati ule, unarudi kwa Sella.

Mwaka 1932 Wabelgiji wakaja upande wa magharibi, wakiongozwa na Xavier de Grunne. Kuanzia miaka ya 1950, watu wa chuo cha Makerere wakaanza kupima upande wa Uganda. Kazi yao haikuwa ya ajabu: unaweka alama kwenye mwamba mbele ya barafu, unarudi baadaye, unapima umbali. Lakini ukiifanya mara nyingi, unapata historia.

Historia yenyewe inasema nini? Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilikuwa karibu kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2006, Richard Taylor wa London na wenzake, kati yao watafiti wa Uganda, walitoa hesabu yao kwa picha za satelaiti: mwaka 1987 ilikuwa imebaki kama kilomita za mraba 2, mwaka 2003 chini ya 1. Nao UNESCO walisema mwaka 2022 kwamba barafu za mwisho za Afrika zilizo katika maeneo ya urithi wa dunia zitakwisha kabla ya 2050.

Sababu ni nini? Taylor na wenzake wanaonyesha joto la hewa. Wengine, wakiangalia zaidi Kilimanjaro, wanasema ukame wa hewa na mawingu kupungua navyo vina nguvu. Mabishano ya namna hiyo hayamalizwi kwa maneno. Yanamalizwa na mutu mwenye vipimo vya miaka mingi.

Na hapa njo tunaingia katika aibu yetu. Upande wa Uganda, mbuga ya Ruwenzori ilifungwa mwaka 1997 juu ya vita vya ADF, lakini ikafunguliwa tena mwaka 2001, na watafiti wakarudi. Upande wetu, kuanzia miaka ya 1990 vita moja imezaa nyingine. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa ovyo, hata mashamba yao wanayaogopa. Nani atapanda kupima barafu? Mlima ni mmoja, mpaka unapita juu kileleni, lakini daftari limebaki upande mmoja.

Sasa swali la mwanzo: inatuhusu nini sisi wa Masisi na Walikale?

Tuseme ukweli, usije ukamwambia mutu kwamba barafu ikiisha mito yote itakauka. Kwa mito ya Ruwenzori upande wa Uganda, Taylor na wenzake walikuta kwamba maji ya barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini. Mito ile inalishwa na mvua na misitu. Faida ya barafu kwetu ni nyingine: inatufundisha kazi ya kupima.

Angalia Uswisi. Kule milima ina kitu kingine, ardhi iliyoganda: mwamba na udongo ambao joto lake linakaa chini ya sifuri miaka miwili mfululizo au zaidi. Huioni kwa macho, iko ndani. Barafu ya kwenye nyufa inashika mawe sawa vile saruji inavyoshika matofali. Mlima ukipata joto, ile saruji inalegea. Ndiyo maana mwaka 1987 walitoboa tundu la zaidi ya mita 50 kule Corvatsch, wakashusha vipima joto ndani, na mpaka leo wanasoma. Tangu mwaka 2000 wana mtandao wa taifa kwa kazi hiyo. Miamba ya milima inachunguzwa pia, ikianza kusogea watu wanajua. Mwezi wa 5 mwaka 2025 mawe yalianza kuporomoka juu ya kijiji cha Blatten. Wakaaji, kama 300, wakaondolewa. Zaidi ya juma moja baadaye, tarehe 28, mawe na barafu vikashuka vikafunika karibu kijiji chote. Mutu mmoja tu alikufa. Nyumba zilikwenda, watu wakabaki.

Sasa rudi kwetu. Tarehe 4 Mei 2023, Kalehe, Kivu ya Kusini. Mvua kubwa, mito ikashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Hakuna barafu pale, hakuna ardhi iliyoganda. Lakini kuna milima mikali sawa na yetu, kuna mvua, kuna miti iliyokatwa. Kitu kilichokosekana kilikuwa mutu wa kusema mapema: mvua ya juma hili imepita kiasi, ondokeni kando ya mto.

Kalembe yetu imekaa katikati ya vilima. Miaka hii watu wamekimbia mara nyingi juu ya risasi, wakirudi wanajenga pale wanapopata nafasi, hata kwenye mteremko. Nani anaandika mvua? Nani ameweka alama kwenye jiwe la mtoni ili ajue maji yalifika wapi mwaka jana? Nani anajua ufa wa kilima fulani umepanuka kiasi gani?

Hatuhitaji satelaiti kwa kuanza. Chupa iliyokatwa na rula ni kipimo cha mvua. Kijiti viwili kando ya ufa, na kamba, ni kipimo cha mlima. Rangi juu ya jiwe ni kipimo cha mto. Kinachohitajika ni tarehe, saa, nambari na moyo wa kurudi kesho. Wanafunzi munaotafuta mada ya TFC, mada iko nje ya mlango. Na musiiache ife siku ya kutetea kazi: mwachie daftari mdogo wako aendelee.

Yule mutu wa Ishango hakuwa na diploma. Alikuwa na mfupa na jiwe la kukatia, akahesabu, na alama zake tunazo mpaka leo. Sisi wenye diploma, alama zetu ziko wapi?

Aliye na daftari ya mvua ya shule au ya parokia, hata kama ni ya zamani na imechanika, aseme hapa chini. Tuanzie hapo.