Kutoka Mbano hadi Karata: Fantasia Iliyopangwa na Urithi wa Simulizi za Ikutha

Utangulizi

Mwaka 1993 Mmarekani Richard Garfield alitoa mchezo wa karata za fantasia uitwao Magic: The Gathering. Kwa mtazamo wa haraka, mchezo huo uko mbali mno na mbano, yaani ngano za Wakamba zilizotambwa usiku katika nyanda kame za Ikutha, kusini mwa Kitui. Makala haya yanadai kwamba vitu hivi viwili vinakutana katika tendo moja la kifasihi, nalo ni uteuzi. Swali linaloulizwa ni hili: viumbe wa simulizi wanapotolewa katika utambaji na kupangwa upya, ni kipi kinachosalia?

Ili kulijibu, sharti mchezo wenyewe ueleweke. Mchezaji huteua karata zisizopungua 60 na kuunda jozi, yaani fungu zima atakalochezea. Isipokuwa zile za ardhi ya msingi, karata za jina moja haziruhusiwi kuzidi 4. Huanza na karata 7 mkononi na alama 20 za uhai. Karata za ardhi humpa nguvu ya kuwaita viumbe na kufanya uganga. Wapo wanaoteua kwa shabaha ya ushindi pekee. Wapo pia wanaojenga jozi juu ya dhamira moja, wakikubali karata dhaifu kwa kuwa inastahili kuwamo katika hadithi. Hawa wa pili hufanya kazi ya uhariri, watake wasitake.

Wapangaji wa kwanza

Ukambani, kazi hiyo ya uhariri ilitangulia karata kwa miaka mingi. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Ikutha, na mwaka 1893 kituo hicho kikawa chini ya Misheni ya Leipzig. Johannes Hofmann, mwanzilishi wake, alichapisha kamusi ya Kikamba mwaka 1901. Baadaye Mswidi Gerhard Lindblom alitafiti Ukambani na kuchapisha simulizi alizokusanya katika sehemu tatu: ngano za wanyama (1928), vitendawili, methali na nyimbo (1934), na hadithi za viumbe wa ajabu na visa vya ushujaa (1935).

Mgawanyo huo si wa mtambaji. Mtambaji aliweza kuanza kwa kitendawili, akaingia kwa sungura na fisi, akaingiza wimbo, kisha akamwachia zimwi uwanja, kwa kufuata hali ya hadhira yake. Mkusanyaji alitenga kila aina katika fungu lake. Faida yake ni kwamba simulizi zilihifadhiwa. Hasara yake ni kwamba mwingiliano wa fani ulikatika. Mkusanyo wa John Mbiti wa mwaka 1966, kazi ya mzaliwa wa Kitui, ulizirudisha ngano hizo mikononi mwa mwenye lugha, ingawa bado katika kurasa.

Majina bila muundo, muundo wenye hadithi

Historia ya mchezo wa Garfield inatoa mifano miwili inayopingana. Mfano wa kwanza ni toleo la Mirage la Oktoba 1996, lililobuni bara la Jamuraa kwa kuiga sura za Afrika. Humo msomaji wa Kiswahili hukutana na askari wenye ngao na mikuki ya moto, mnyonya damu aitwaye Shauku, na grifini Zuberi, ambaye huwaongezea nguvu grifini wenzake. Jozi ya dhamira ya grifini hujengeka kwa urahisi juu ya Zuberi. Hata hivyo, grifini, mwenye mwili wa simba na kichwa cha tai, si kiumbe wa ngano zetu. Mmoja wao ameitwa Ekundu, kivumishi kilichonyang'anywa kiambishi chake cha ngeli. Lugha imeazimwa kama rangi, sarufi imeachwa.

Mfano wa pili ni toleo la Desemba 1993, lililotokana na hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Karata ya Shahrazad huwalazimu wachezaji kusimamisha mchezo na kuanza mwingine ndani yake. Atakayeshindwa katika mchezo huo wa ndani hupoteza nusu ya uhai wake. Hapa hadithi ndani ya hadithi haikutajwa tu, bali imekuwa kanuni. Inafaa kukumbukwa kwamba karata hiyo imepigwa marufuku katika mashindano rasmi, kwa kuwa hurefusha muda. Shahrazad aliokoka kwa kurefusha usiku. Mashindano hayana usiku wa kumpa.

Tatizo la aimu

Kipimo hicho kikitumiwa kwa simulizi za Ikutha, sungura atafaa tu iwapo udhaifu wake utageuza nguvu za fisi zimdhuru fisi mwenyewe. Kuchora masikio marefu hakutoshi.

Ugumu zaidi uko kwa aimu. Katika ngano, neno hili hutaja mazimwi walao watu. Katika imani, hutaja pia roho za waliofariki, ambao Mbiti aliwaita wafu walio hai. Kiswahili kimetenganisha maana hizo kwa maumbo mawili, zimwi na mzimu. Kikamba kimeziacha katika neno moja, na hadhira huzibainisha kwa muktadha. Karata haina muktadha huo. Ikimchora aimu kama dude la kuuawa, itakuwa imeamua jambo ambalo lugha yenyewe haijaamua, na huenda ikamweka babu wa mtu katika fungu la maadui.

Hitimisho

Kuchanga karata za fantasia si tendo lisilo na hatia, kama ambavyo kukusanya ngano hakukuwa hivyo. Jozi yenye dhamira ya Ikutha inawezekana, lakini haitathibitishwa kwa wingi wa majina ya Kikamba yaliyoandikwa juu yake. Itathibitishwa na kanuni zake, iwapo zitamlazimu mchezaji kufanya kile ambacho mbano zilimlazimu msikilizaji kufanya: kusubiri, kujibu, na kutambua ni nani hasa aliyeitwa.