Baiskeli Isiyo na Pa Kulala

Mji wa Nairobi ulizaliwa na reli, iliyofika hapo mwaka 1899 ikitoka Mombasa. Upande wa mashariki, kwenye uwanda mkavu, watawala wa kikoloni waliwawekea wafanyakazi wa Kiafrika makao yao: Pumwani mapema katika miaka ya 1920, Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Maringo, Ofafa na Jericho katika miaka ya 1950 na 1960. Kazi, hata hivyo, haikuhamishiwa huko. Ilibaki katikati ya mji, katika karakana za reli na viwandani, na kila alfajiri ilimpasa mtu kuifuata.

Mabasi yalianza kuchukua abiria mjini mwaka 1934, lakini nauli ya kwenda na kurudi ilimwelemea mwenye mshahara mdogo. Wengi mno walikwenda kwa miguu. Aliyeweza kuweka akiba alinunua baiskeli, na kijana wa leo hawezi kukisia kwa urahisi jinsi ilivyoheshimiwa. Ilikuwa Raleigh ya Uingereza, chuma kizito, yenye keria nyuma na kengele mbele. Kibarua hakuipata kwa mshahara wa mwezi mmoja. Mali ya namna hiyo hailali nje. Ililala chumbani pamoja na mwenyewe, hata pale ambapo chumba kimoja kilikuwa na vitanda vya watu kadhaa.

Mafundi nao hawakukosekana. Chini ya mti fundi aliketi na karai la maji, akaujaza upepo mpira wa ndani, akautumbukiza na kuugeuza polepole mpaka mapovu yakafichua tundu. Kisha akausugua kwa msasa, akapaka gundi na kubandika kiraka.

Njia pia ilitengwa. Barabara ya Doonholm, ambayo baada ya uhuru iliitwa Jogoo, ilipata ujia wa baiskeli kandoni, ingawa baadaye uliingiliwa na wachuuzi na magari. Basi kilichopungua ni nini? Kilichopungua ni mahali pa kuiacha baiskeli. Mtu wa Jericho angeweza kuipanda hadi kituoni, akaingia basi. Lakini angeikuta jioni? Kufuli humzuia mpita njia, halimzuii mwizi mwenye msumeno na saa nzima ya kufanya kazi yake. Hivyo baiskeli na basi havikufunga ndoa: mtu alichagua kimoja, au akatembea.

Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walilitatua jambo hili kwa werevu katika miaka ya 1960. Mwenye baiskeli alimpakia abiria kwenye keria, akamfikisha, akaondoka na baiskeli yake. Hapakuhitajika bawabu wala kufuli. Ndiyo asili ya bodaboda.

Nairobi ilifuata njia nyingine. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kuchukua abiria bila ya leseni maalumu, na Eastlands ikajaa matatu. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo, bodaboda ya injini nayo ikaenea.

Tarehe 13 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, ili wakazi wa nje ya mji wapande gari moshi kwenda kazini. Hapo palijengwa uwanja wa kuegesha motokaa. Nani basi alikuwa akilini mwa waliochora ramani? Katika mji ule ule, kiasi cha safari mbili katika kila tano hufanywa kwa miguu. Huko Utrecht, Uholanzi, jengo lililokamilishwa chini ya stesheni mwaka 2019 lina nafasi za baiskeli 12,500, pamoja na walinzi na mafundi. Stesheni ya Makadara haihitaji jumba la namna hiyo. Banda la mabati, mlinzi mwenye daftari, vibao viwili vyenye nambari moja, kimoja cha baiskeli na kimoja cha mwenyewe, na fundi mwenye karai lake la maji: hivyo vyote Eastlands inavijua tangu zamani.