Kabla Uuze Hicho Kifungo kwa Kilo

Wasee wa Malakisi, Sirisia, na hata nyinyi wa Kitale, leo ni vifungo. Vifungo vya nguo, ndiyo. Vile vya brasi vinavyotoka shambani mtu akilima, ama akipitisha mashine ya kunusa chuma, halafu vinaishia kwa ndoo ya skrepu pamoja na jembe lililovunjika. Kifungo kimoja hakikupi hata pesa ya mandazi. Lakini ukijua kukisoma, kinakuambia ni serikali ya nani ilipita hapo.

Anza na taji. Likipanda duara bila kubonyea, kama mgongo wa kilima, hilo ni taji la mfalme, la kuanzia Edward VII mwaka 1901 hadi George VI. Likibonyea katikati kama kopa, ni la malkia Elizabeth. Babake alikufa tarehe 6 Februari 1952 yeye akiwa hapa hapa Kenya, alilala Treetops kule Aberdare, kwa hivyo hiyo taji ni kama ilibadilikia kwetu. Kisha soma herufi. KAR ni Keya, jeshi lililoundwa 1902. EAR&H ni reli ya Afrika Mashariki, jina lililoanza 1948. Geuza nyuma pia. Mara nyingi utakuta jina la kiwanda, kwa mfano Firmin wa London au Gaunt wa Birmingham.

Sasa hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Mwaka kifungo kilitengenezwa si mwaka kilianguka. Vijana wa huku walienda vita zote mbili za dunia, na waliorudi walirudi na kabuti. Kabuti ya jeshi inakaa miaka mingi: mzee anaivaa kuchunga ng'ombe, anamwachia mtoto, mtoto anakatia shimo la mahindi akiwa nayo. Tena vifungo vya sare za nchi za joto vilishikwa na pete ndogo ili vitolewe nguo ikifuliwa, kwa hivyo vilidondoka kirahisi. Kwa hivyo Keya shambani kwenu haimaanishi vita. Inaweza kuwa tu mzee alipita akitafuta ng'ombe.

Na usiniambie umepata kifungo cha KAR cha vita vya Chetambe. Hobley alipiga Wabukusu pale Lumboka na Chetambe mwaka 1895. Keya haikuwepo, ilikuja miaka 7 baadaye. Wale walikuwa askari wa Uganda, wengi wao Wasudani, pamoja na Wawanga, Waganda na Wamasai. Hesabu rahisi tu.

Ile inayoniuma ni ya hapa kwetu. Februari 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa walikusanyika Malakisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Elijah Masinde alishikwa mwezi huo huo na dini ikapigwa marufuku. Polisi wa siku hiyo alikuwa mtu wa mfalme, kwa hivyo kifungo cha taji la malkia hakikuwa pale, hata ukichimbue hatua kumi tu kutoka mahali penyewe. Cha mfalme kinaweza kuwa, lakini taji hilo lilivaliwa miaka 50. Ukisema "inaweza", sawa. Ukisema "ndiyo hii" upate likes, unachezea watu waliozikwa.

Halafu fikirieni kitu kingine. Mashine inasikia chuma tu. Chuma kilikuwa kwa sare. Wale 11 kama walivaa shati, vifungo vyake pengine vilikuwa vya mfupa au kombe, na mashine inavipita kimya. Ukichimba Malakisi nzima kwa hiyo mashine utatoka na historia ya waliopiga risasi, na ya waliopigwa hutaipata.

Sheria nayo? Ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inasema kitu cha kale ni kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kikiwa ardhini ni mali ya serikali. Yaani mstari wenyewe umechorwa mwaka Mwingereza alitangaza nchi ni yake. Kifungo cha 1948 kiko nje ya mstari huo. Hakuna mtu atakuja kukichukua, na hakuna mtu atakuja kukilinda. Ni wewe.

Kwa hivyo ukikipata, kioshe kwa maji tu. Achana na ndimu, majivu na stilwuli, zinafuta jina la kiwanda. Piga picha mbele na nyuma, andika ni shamba gani na kilikuwa chini kiasi gani. Pale watu walikufa usichimbe kabisa, kama ni Chetambe ama hapa kwetu. Kisha kabla ya kuposti, peleka kwa kukhu umuulize nani hapa nyumbani alikuwa na kabuti, aliitoa wapi, na kama vifungo vyake vilikuwa vimebaki vyote.