Serikali Ikivunjika: Mutakatifu Severinus wa Noricum

Sisi tuliosoma historia ya Ekleziya tunajua kwamba kaisari wa mwisho wa Roma katika inchi za magaribi aliondoshwa mwaka 476. Lakini watu wadogo waliishi namna gani katika miaka ile? Tutazame Noricum, inchi ya kando ya muto Danube. Sehemu yake kubwa leo ni Austria.

Abati Eugippius aliandika habari hizi mwaka 511. Waaskari wa mupaka walilipwa na serikali. Mushahara ulipokoma, vikosi vilitawanyika. Kikosi cha Batavis, ndio muji wa Passau wa leo, kilidumu bado. Waaskari wake wamoja walishika njia ya Italia kutafuta malipo ya mwisho kwa ajili ya wenzao. Waliuawa njiani, na muto ukaleta maiti yao.

Basi, nani alibaki kuangalia watu? Mutawa mumoja asiye na silaha, Severinus. Walipotaka awe askofu, alikataa. Njaa ilipoingia katika muji wa Favianis, mujane tajiri Procula alikuwa ameficha chakula. Severinus alimukaripia mbele ya watu. Naye akafungua gala, akagawia maskini. Haikupita siku nyingi, mashua za chakula zilizofungwa na barafu katika muto Inn zikafika.

Tena aliomba wakristu watoe sehemu ya kumi kwa maskini. Alikomboa mateka. Alisema na wafalme wa Warugi. Muji usipoweza kulindwa, alihamisha wakaaji wake.

Wengine watasema alishindwa, kwani miji ile ilianguka mumoja kwa mumoja. Yeye alikufa tarehe 8 Januari 482, na mwaka 488 mufalme Odoacer aliamuru Waroma wahamie Italia. Lakini watawa walibeba mwili wa baba yao, wakaendelea kuishi pamoja karibu na Napoli. Kuta ziliachwa, jamaa haikuvunjika.

Sisi wa Kongo hatushangai. Mwaka 1964, pahali pengi palipokosa padri, wakatekista walikusanya wakristu kusali. Severinus anatuonyesha kwamba sala ile inaomba gala lililo wazi pia. Tusingoje siku ya hatari: wakristu wasiozoea kugawana wakati wa amani, watajifunza wapi wakati wa njaa?