Siku Mbili za Joyce Banda
Rais wa Malawi, Bingu wa Mutharika, alipata mshtuko wa moyo jijini Lilongwe tarehe 5 Aprili 2012, akafa. Kwa siku mbili serikali yake haikutaka kulitamka jambo hilo hadharani. Mwili ulipakiwa kwenye ndege ukapelekwa Afrika Kusini, ati mgonjwa anaenda kutibiwa.

Kwani shida ilikuwa nini? Shida ilikuwa makamu wa rais. Katiba ya Malawi inasema kiti kikibaki wazi, makamu anakikalia mpaka muhula uishe. Na makamu alikuwa Joyce Banda, mtu ambaye wenye chama hawakutaka hata kumsikia.

Banda alizaliwa Zomba mwaka 1950. Katikati ya miaka ya sabini alikuwa hapa Nairobi, mama wa watoto watatu, ndani ya ndoa ya mateso. Mwenyewe husimulia kwamba vuguvugu la wanawake alilolikuta Nairobi mwaka 1975 ndilo lililomfungua macho. Ndoa hiyo aliiacha mwaka 1981. Akafanya biashara, akaanzisha chama cha wanawake wafanyabiashara, akaingia bungeni 1999, akapewa uwaziri, na mwaka 2009 akasimama na Bingu kama mgombea mwenza. Wakashinda kwa kishindo.

Halafu Bingu akaanza kumwandaa mdogo wake, Peter, amrithi. Banda akakataa kumuunga mkono, na Desemba 2010 akatimuliwa chamani. Lakini Bingu alikwama hapo. Makamu huchaguliwa na wananchi pamoja na rais, kwa tiketi moja, hivyo rais hawezi kumfuta tu kazi kama waziri. (Wakenya tunaujua mtego huu, ila kwetu mwaka 2024 bunge ndilo lililomaliza kazi.) Banda akaunda chama chake, People's Party, akabaki na cheo kisicho na shughuli.

Basi usiku wa tarehe 6 Aprili, mawaziri sita wakiongozwa na Patricia Kaliati, waziri wa habari, waliwaita waandishi wakasema Banda hawezi kurithi kiti kwa sababu ameshaunda chama cha upinzani. Katiba haikuwa na sharti kama hilo. Banda alimpigia simu mkuu wa jeshi, Jenerali Henry Odillo, kumuuliza kama atasimama naye. Jenerali alisimama na katiba. Tarehe 7 Banda akaapishwa bungeni, rais wa kwanza mwanamke wa Malawi. Mwaka uliofuata, Kaliati na Peter Mutharika walikuwa kati ya waliokamatwa na kushtakiwa kwa uhaini.

Sifa nyingi anazomwagiwa huishia kwenye kiapo. Mimi naona utamu, na uchungu, uko mbele yake. Alikuta nchi haina mafuta wala dola. Akashusha thamani ya kwacha, kutoka kama 167 hadi 250 kwa dola moja. Akauza ndege ya rais na kukata mshahara wake kwa asilimia 30. Wageni walishangilia habari ya ndege. Mmalawi wa kawaida aliona bei za sokoni zikipaa. Kisha Septemba 2013 mkurugenzi wa bajeti, Paul Mphwiyo, akapigwa risasi nje ya nyumba yake, na hapo ikafumuka Cashgate: mfumo wa malipo wa serikali ulikuwa unachotwa, na maburungutu ya noti yakakutwa majumbani na kwenye magari ya watumishi wa umma. Banda akavunja baraza zima la mawaziri. Haikumwokoa.

Uchaguzi wa Mei 2014 alishika nafasi ya tatu, na kura kama asilimia 20. Kabla matokeo hayajatangazwa rasmi, alijitokeza tarehe 24 akasema uchaguzi umejaa wizi, ameufuta, na urudiwe ndani ya siku 90, yeye hatagombea. Hebu fikiria. Mawaziri sita walisoma katiba wakaongeza mstari usiokuwemo, wakaitwa wahaini. Miaka miwili baadaye, yule aliyeokolewa na katiba hiyohiyo akajiongezea wa kwake. Mahakama Kuu ikamzuia.

Peter Mutharika aliapishwa tarehe 31 Mei. Mwaka huohuo Banda akaondoka nchini, na hakurudi hadi Aprili 2018.